Soketi si Mlango!

Haya wasomaji, leo nimekasirika kidogo. Mnivumilie.

Kwa wasiojua: katika programu za BIM kama Revit, jengo si mistari tu. Ukuta ni ukuta, mlango ni mlango, na mlango hauelei hewani. Ukitaka kuuweka lazima uchague ukuta. Ukuta huo ndio mwenyeji, mlango ni mgeni. Mgeni anatoboa tundu, mwenyeji akihama anahama naye, mwenyeji akifutwa naye anafutika. Kwa mlango ni sawa kabisa. Mlango bila ukuta ni wa nini?

Shida ni watu waliochukua sheria ya mlango wakaibandika kwa soketi, swichi, taa, hadi sinki.

Niliwahi kuandika skripti ya kuhesabu soketi katika modeli ya ofisi moja. Msanifu hakusogeza ukuta wa chumba kimoja. Aliufuta akachora mwingine hatua chache kando. Soketi sita zikaenda na ukuta wa zamani. Skripti yangu ikahesabu zilizobaki bila wasiwasi, na orodha ikatoka safi. Aliyegundua ni fundi wa stima, plasta ikiwa imeshakauka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji akifa, mgeni anazikwa naye, tena bila matanga.

Kosa hili hufanywa siku ya kwanza, unapochagua kiolezo cha kutengenezea kijenzi. Ukichagua kile cha ukutani, umefunga ndoa. Huwezi kubadilisha baadaye, utaanza upya. Halafu mhandisi wa stima anapounganisha faili ya msanifu kama linki, kijenzi hicho kinakataa kukaa kwenye ukuta wa linki. Ndipo unaona watu wakichora kuta za uongo ili wapate pa kutundika swichi. Jamani!

Dawa ipo: kijenzi kinachokaa juu ya uso wowote. Kinakubali ukuta, dari, hata uso ulio ndani ya linki. Uso ukisogea kinafuata. Mwenyeji akifutwa, kinabaki mahali pake kikiwa yatima, na yatima anaonekana na kuhesabika. Kwa wanaoandika kodi, NewFamilyInstance ina namna ya kupokea Reference ya uso badala ya ukuta mzima. Itumieni.

Najua mtaniambia yatima wanaoelea ni uchafu. Ndiyo, ni uchafu. Lakini uchafu unaouona unaufagia. Soketi iliyopotea kimya utaifagiaje?

Hata IFC, ambayo ni kiwango cha ISO 16739, inaelewa tofauti hii. Humo mlango haushikani na ukuta moja kwa moja. IfcRelVoidsElement inasema tundu limetoboa ukuta, IfcRelFillsElement inasema mlango umejaza tundu. Soketi haihitaji sherehe hiyo. Inatosha kusema iko orofa gani au chumba gani.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja: kama kitu hakitoboi ukuta, kisife na ukuta. Mlango na dirisha, sawa. Vingine vyote viacheni viishi. Anayepinga alete hoja, lakini kwanza akahesabu soketi zake.