Ishango si mfupa peke yake

Beni, Kivu ya Kaskazini – Kila mara jina la Ishango linapotajwa, mazungumzo yanakimbilia Bruxelles. Huko ndiko unakohifadhiwa ule mfupa mdogo, urefu wa sentimita kama 10, ambao Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard. Umechongwa alama kwa makundi. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Wataalamu wangali wanabishana kama ni hesabu ama kalenda ya mwezi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Kudai mfupa urudi nyumbani ni haki. Lakini wakubwa wanaoishia hapo wanawapumbaza wakaaji, kana kwamba Wabelgiji walibeba Ishango nzima. Ukingo wa mto haukubebwa!

Mtu akisimama juu yake anaona ziwa upande wa kusini, na mto ukianza safari ya kaskazini, magharibi mwa Ruwenzori, hadi Ziwa Albert. Chini ya miguu yake kuna mchanga, changarawe na magamba ya konokono, tabaka juu ya tabaka. Ardhi ya bonde ilididimia polepole huku Ruwenzori ikiinuliwa, leo kilele chake kina mita 5,109. Ziwa lilipanda na kushuka, likafukia mifupa ya samaki, wanyama na watu. Kisha mto ukakata udongo na kuvifunua. Butembo kuna chuo kikuu kinachoitwa Graben, maana yake ni bonde hilohilo lililodidimia. Wangapi wanaopita mlangoni kila siku wamewahi kuelezwa?

Tena kuna Katanda, kilomita chache ukifuata mto. Huko watafiti walifukua ncha za mikuki ya mfupa zenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Zilikadiriwa kuwa na miaka kama 90,000, wakati Ulaya ingali ya watu wa Neanderthal. Mvuvi wa Kyavinyonge anayerudi na kambale asubuhi anaendeleza kazi hiyo, na mtoto wake shuleni haambiwi.

Wengine watajibu: usalama. Ni kweli. Tangu 2014 watu wa Beni wanachinjwa, walinzi wa mbuga ya Virunga nao wameuawa, na hakuna mzazi mwenye akili atakayempandisha mtoto gari kupita njia ya mashambulizi. Basi ziara ingoje njia itulie. Lakini je, vita ndivyo vinavyomzuia mwalimu kuchora tabaka za Ishango ubaoni? Ndivyo vinavyozuia shule kupewa mfano wa mfupa uliochongwa kwa mti? Seremala yeyote wa Beni anaweza kuuchonga.

Na njia ikitulia, nani atapokea wanafunzi? Ishango iko ndani ya mbuga, haiingiwi kama soko. Panahitajika siku za mashule zisizolipiwa bei ya watalii, na vijana wa Kyavinyonge waliofundishwa kusoma udongo ule na kuueleza kwa Kiswahili na Kinande. Kazi hiyo haingoji ndege kutoka Bruxelles. Wabunge wa jimbo wanaopenda kuutaja mfupa katika hotuba waseme: kwenye bajeti, Ishango wameiandika mstari gani?