Petroli ya Ethanoli: Ndae Yako Nzee na Nduthi ya Loan Zitaweza?

Kila mwezi EPRA wakitangaza bei na lita ikikataa kushuka, kuna msee mmoja kwa stage lazima aulize: si hii nchi iko na miwa, mbona tusichanganye petroli na ethanoli kama Brazil? Swali ni poa. Lakini kama wewe unasukuma Probox Kawangware 46, ama nduthi pale Olympic, Kibera, na bado unailipia loan kila siku, swali lako ni lingine: hiyo kitu ikiingia kwa tangi, injini itabaki?

Kwanza ujue Kenya tulishafanya hii maneno, wengi wenu hamjazaliwa. Pale Muhoroni kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilikuwa kinatoa ethanoli ya molasi, na kutoka 1983 hadi 1993 Nairobi iliuziwa petroli yenye ethanoli asilimia 10. Waliiita gasohol. Na hizo siku mtaani ilikuwa ni Peugeot 504 na Datsun, kabureta tupu. Ndae zilitembea. Kilichoua huo mradi ni chapaa: bei ya pampu ilipangwa na serikali, na kwa hiyo bei ethanoli haikulipa. So fundi akikuambia ethanoli inaua injini, na asikuambie ni asilimia ngapi, amekupea nusu ya story.

Nusu ingine ni hii. Ethanoli inapenda maji vibaya. Petroli ya kawaida na maji haziskizani, maji yanakaa chini ya tangi kivyake. Ukiweka ethanoli asilimia 10, mafuta yanaweza kubeba maji karibu nusu ya asilimia bila noma. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Pita hapo kidogo na ethanoli inaachana na petroli, inashikana na maji, zinashuka chini pamoja. Na bomba la kunyonya mafuta liko wapi? Chini. Sasa fikiria zile chupa za maji wasee huuzia mafuta kando ya barabara, zingine hata hazijakauka ndani, halafu ni Aprili na mvua ya Nairobi haina huruma. Hapo ndio injini inazima katikati ya Naivasha Road na abiria amekukalia nyuma.

Pia ethanoli inaosha. Tangi la gari la miaka ishirini liko na uchafu umelala huko kitambo, unaamshwa wote na kukimbilia filta. Paipu na sili za raba za zamani zinaweza kuvimba ama kupasuka, na paipu ikivuja karibu na injini ya moto, hiyo si story ya spea tena.

Gari yenye injekta na sensa ya oksijeni inajipanga: ikiona hewa ni nyingi, inaongeza mafuta. Kabureta haijui kitu. Ethanoli inakuja na oksijeni yake, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka kuliko kawaida. Na nduthi nyingi za hizi stage zetu, Boxer na TVS za miaka ya nyuma, ni kabureta. Marekani waliruhusu asilimia 15 kwa magari ya 2001 kuja juu, lakini pikipiki wakazikataza kabisa. Uingereza walipoleta asilimia 10 mwaka 2021, walisema magari yote ya 2011 kuendelea yako fiti, na mengi ya mwisho wa miaka ya 90 pia. Wenye magari mazee waliambiwa waangalie kwanza.

Sisi tunanunua za Japan, na huko sheria iliweka kikomo cha asilimia 3 kwa gari la kawaida. Ni 2012 ndio walifungulia magari yaliyoundiwa 10. So ukipata Vitz ya 2006 haijaandikwa kitu kwa kifuniko cha tangi, usishtuke, haimaanishi itakufa. Maoni yangu: asilimia 10 kwa gari yenye injekta, kubali, badilisha filta mapema. Kwa kabureta, kagua paipu zote kwanza. Asilimia 20 kwa gari nzee, kataa.

Na tafadhali, ile ethanoli ya jiko iliyoingia mtaani na mashine za KOKO kutoka 2019, usiimwage kwa nduthi ati unasave. Ya kuchanganya na petroli hukaushwa mpaka maji karibu yaishe. Ya jiko haijakaushwa hivyo.

Sasa doo. Lita ya ethanoli iko na nguvu pungufu kama theluthi moja. Asilimia 10 inakukatia karibu asilimia 3 ya safari. Ukiweka ya thao, kama thate bob imeenda, na lita isiposhuka bei kwa kiasi hicho, aliyechangia ni wewe. Uganda wako na sheria tangu 2020 inayoruhusu mpaka asilimia 20, so hii mjadala haiko mbali. Na kuna kitu inaniuma: 2018 serikali ilipotaka kuzuia mafuta kuchakachuliwa, iliweka shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta taa. Aliyelipa ni mama wa stovu huko Laini Saba. Ethanoli ikianza kugombaniwa na magari, yule anayeipikia atauziwa ngapi?

Kama unashuku ushawekewa, jipime. Mbali na moto na sigara, chukua chupa nyembamba ya glasi, weka maji kidogo, chora mstari yalipofika. Jaza petroli juu, funga, tikisa, ngoja dakika kumi. Maji yakibaki kwa mstari, hakuna ethanoli ya maana. Yakipanda, iko, na kadiri yanavyopanda ndivyo ilivyo nyingi. Rudi kwa petrol station na hiyo chupa, na risiti.