Usimzike babako kwenye fomu ya mkopo

Juma lililopita alinijia binti wa jirani. Amemaliza kidato cha nne na kuitwa chuo kikuu. Wazazi wake walitengana akiwa darasa la tatu. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandika majibu yake kabla ya kwenda saiba kuomba mkopo, na mahali pa habari za baba alikuwa ameandika neno moja tu: marehemu.

"Lakini babako yu hai," nikamwambia. "Juzi si tulimwona sokoni?"

"Kwangu mimi alikufa zamani, shangazi."

Nilimhurumia. Hata hivyo, mzazi akiwa amefariki, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, hutaka cheti cha kifo. Angekitoa wapi? Angelazimika kughushi, na uongo mmoja ungezaa wa pili. Isitoshe, mkopo huo ni deni lake yeye, lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na jina lake litabaki katika vitabu vya bodi mpaka amalize kulipa.

Najua anachoogopa. Baba ana mshahara, lakini karo hajalipa miaka kumi. Akimtaja, si wataona nyumba ya mishahara miwili? Hofu hiyo ina msingi, kwani mfumo ulioletwa 2023 uliwapanga wanafunzi kwa kupima uwezo wa jamaa zao. Dawa yake ni karatasi. Apate barua ya chifu anayewajua, na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili mwenye mamlaka hayo, ikisema waziwazi ni nani anayemlea na tangu lini. Kama talaka au kesi ya matunzo ilifika kortini, nakala ya uamuzi iwekwe pamoja nazo. Akikwama, Vituo vya Huduma vingi vina dawati la bodi hiyo, aulize hapo kabla ya kubahatisha.

Nanyi wazazi mlioachana, hasa nyinyi akina baba! Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema malezi ni wajibu wa wote wawili, wawe wameoana au la. Wako wanaoficha nambari ya kitambulisho kana kwamba ni hati ya shamba. Kutajwa kuwa mzazi si kuwa mdhamini. Wadhamini hujazwa mahali pengine. Na wewe mama, usimtume mtoto akatete vita vyako kwa kisingizio cha fomu.

Binti yule hakutaka kumpigia babake. Mamake ndiye aliyempigia amu yake, naye amu akamwendea kakaye. Jioni nambari ikaja kwa ujumbe mfupi wa simu, bila salamu. Binti alilifuta lile neno, akaiandika nambari, akaniuliza ofisi ya chifu hufunguliwa saa ngapi.