Weka, Tia au Tua?

Ndugu msomaji, leo nakuletea kisa cha nyumba moja nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Ilikuwa mwezi wa Julai, mahindi yamekwisha vunwa na kupukuchuliwa. Mama alirudi akiwa amejitwika kuni, na hata kabla hajatua mzigo alimwambia mwanawe wa darasa la tano: “Chukua dawa ya wadudu, uiweke kwenye gunia lile.” Alitaka pakiti ikae juu ya gunia mpaka baba arudi. Mtoto akaifungua, akaimimina yote guniani. Kumbe gunia hilo ndilo lililotengwa kusagwa juma lile! Mahindi yaliyotiwa dawa hayaliwi mpaka upite muda ulioandikwa kwenye pakiti. Basi jamaa ile ikanunua unga dukani, na mavuno yake yamo nyumbani.

Mtoto alichapwa. Je, alistahili? La hasha! Kumkabidhi mtoto sumu lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili lilikuwa la lugha, nalo pia si lake.

Kuweka ni kukipa kitu mahali pa kukaa. Ndiyo maana twaweka akiba. Kukiingiza kitu ndani ya kingine ni kutia: chumvi hutiwa chunguni, maji hutiwa mtungini. Siku hizi tumelibebesha neno “weka” kazi zote mbili, kisha tukaliongezea “kwenye”, ambalo halielezi kama ni juu, ndani au kando. Mama angesema “weka pakiti juu ya gunia”, asingepoteza kitu. Angetaka itiwe ndani, angesema “itie guniani”.

Wako wanaokilaumu Kiingereza. Ni kweli, mwanafunzi hukariri kuwa “put” ni “weka”, akadhani amemaliza. Lakini neno hilo moja, likihusu sukari na chai, kwetu ni kutia. Likihusu chungu na moto, ni kuinjika. Likihusu nguo na mwili, ni kuvaa. Naye Mwingereza hategemei neno hilo peke yake. Hutumia “lay” kwa kitu kinacholazwa au kutandazwa, na “place” kwa kitu kinachowekwa kwa uangalifu mahali maalumu. Mtoto asiyezipambanua tofauti hizi katika Kiswahili atazionaje katika lugha ya kigeni?

Kazi za Ufipa zenyewe ni darasa tosha. Kwa kilimo cha jadi cha uwanda ule, mkulima haweki majani shambani tu. Huyafukia chini ya udongo, akainua matuta ya mviringo, nayo yakioza huwa mbolea. Ulezi huanikwa juani. Magunia hupakiwa garini. Jembe huegemezwa ukutani, mkeka hutandikwa, kibuyu hutundikwa, nguzo husimikwa, na mzigo wa kichwani hutuliwa. Katika kila neno msikilizaji huona tendo lenyewe, hata mkono unavyokwenda. Ukisema “weka” kila mahali, humwachia kazi ya kubahatisha.

Basi wazazi wenzangu, tuwatumapo watoto, tuwape kitenzi kamili na mahali kamili. Hasa panapohusika dawa, moto na sumu, neno la ovyo laweza kuleta msiba mkubwa kuliko hasara ya gunia moja. Na tukishatuma kwa neno lisilo wazi, tujiulize wenyewe kabla ya kushika fimbo.

Wenyeji husimulia kwamba jina la Sumbawanga lina amri ndani yake: tupa uchawi. Waliolitoa hawakusema uwekwe kando, wala uwekwe mahali fulani. Walisema utupwe, na kila mgeni akaelewa.