Sindano ya kuzuia balehe ya mapema: Mzazi, usipitwe na tarehe

Binti wa miaka saba akianza kuota matiti, maneno huwa mengi nyumbani. Bibi atasema ni mwili wa ukoo, jirani atalaumu kuku wa kisasa, na mama atanunua fulana pana ili mambo yasionekane. Dalili za balehe kabla ya miaka 8 kwa msichana, au miaka 9 kwa mvulana, ni za kupeleka hospitali.

Homoni za balehe hurefusha mifupa kwa kasi, kisha huifunga mapema. Ndiyo maana mtoto anayewapita wenzake kwa urefu darasa la kwanza anaweza kuishia kuwa mfupi ukubwani. Daktari atapima damu na kuagiza eksirei ya mkono wa kushoto ili kujua umri wa mifupa. Wakati mwingine, hasa kwa mvulana, ataomba pia picha ya ubongo, kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa chanzo.

Ikithibitika kuwa ubongo umeamsha balehe mapema, mtoto anaweza kuandikiwa sindano za kuzima homoni hizo, kama leuprorelini au triptorelini. Zipo za kila wiki 4, za kila wiki 12 na za kila miezi 6. Ukipewa, zingatia haya.

Kwanza, wiki 4 si mwezi wa kalenda. Sindano ikichomwa Januari 5, inayofuata ni Februari 2, siyo Februari 5. Weka kengele kwenye simu, na wiki moja kabla ulizia kama dawa ipo. Ukichelewa, homoni zinaweza kuamka tena na mifupa ikaendelea kukomaa. Siku ikipita, usingoje kliniki ijayo. Wasiliana na daktari mara moja.

Pili, dawa hii huchochea homoni kabla ya kuzizima. Wiki za mwanzo mtoto anaweza kuwa na hasira au kulia ovyo, na binti anaweza kutokwa damu kidogo ukeni. Mjulishe daktari, lakini usikatishe dawa kwa kudhani imeshindwa. Damu ikiwa nyingi, au ikiendelea baada ya mwezi wa pili, mrudishe hospitali.

Tatu, soma boksi. Neno "Depot" maana yake ni dawa inayoachiwa mwilini taratibu. Si ile Depo ya uzazi wa mpango, ambayo ni dawa nyingine kabisa. Sindano za aina hii hutumika pia kwa watu wazima wenye saratani ya tezi dume, na dozi hutofautiana. Usikubali kubadilishiwa boksi bila daktari wa mtoto kujua.

Nne, uliza namna ya kuitunza. Baadhi hukaa kwenye friji, nyingine hazihitaji friji ila zisipate joto kali. Ichomwe na mhudumu wa afya, na kama ni ya unga, ichanganywe na maji yake yaliyomo kwenye boksi.

Mkimbize mtoto hospitali akiumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, akipata degedege, akivimba uso au kupumua kwa shida. Akianza kuchechemea, au sehemu ya sindano ikivimba na kuuma sana, aonwe pia.

Wazazi wengi huuliza kama sindano hizi zitaharibu kizazi. Haziharibu. Daktari akizisimamisha umri ukifika, balehe huendelea yenyewe, na hedhi mara nyingi huja ndani ya mwaka mmoja hadi miwili.

Kabla ya kliniki ijayo, tenga daftari moja. Kila sindano andika tarehe, jina la dawa, dozi, uzito na urefu wa mtoto. Mkihama au daktari akibadilika, daftari hilo litamwonyesha anayempokea mtoto pa kuanzia.