Stendi ya kamera isinunuliwe kwa kunyanyuliwa na kidole

Mchuuzi wa vifaa vya picha akitaka kukuuzia stendi ya miguu mitatu, ile ambayo wengine huiita tripodi, hukuonyesha mambo mawili. Kwanza huinyanyua kwa kidole kimoja ili uone ilivyo nyepesi. Kisha huivuta mpaka ikupite kichwa ili uone ilivyo ndefu. Mnunuzi hutikisa kichwa, hutoa fedha, huondoka. Mimi nasema mambo hayo mawili yakitazamwa peke yake ndiyo yanayowatia hasara vijana wetu wa kamera, na wafanyabiashara wanaovuka Mugina na Kobero wana sehemu yao katika hasara hiyo.

Tangu makundi ya warejeaji yaanze kurudishwa Burundi kutoka kambi za Tanzania mwezi Septemba 2017, wapo vijana walioingia nchini na mtaji wa namna moja tu: kamera na ujuzi wa kuitumia. Shamba lina kesi, duka halina mdhamini, lakini harusi, ubatizo na mahafali havikosekani vilimani. Sisi tuliosomea ukimbizini kabla yao tulirudi na vyeti ambavyo kila mtu alitaka kuvikagua upya. Kamera angalau haidai muhuri wa mtu. Ila kamera hiyo mara nyingi imenunuliwa kwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa. Ikianguka ikavunjika, deni hubaki zima.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliitwa kupiga picha za harusi mahali pa juu, penye upepo wa alasiri. Stendi yake ilikuwa na vipande vitano kila mguu, na kipande cha chini kabisa hakikuzidi unene wa kalamu. Ili awapate watu wa safu ya nyuma aliinua nguzo ya katikati mpaka mwisho. Alipogeuka kuwapanga wasimamizi, alisikia kishindo. Lenzi ilipasuka na shingo yake ikapinda. Harusi ile aliimalizia kwa simu ya kuazima, na miezi minne iliyofuata alikuwa akilipa kikundi hali hana chombo cha kumwingizia hata senti. Alikuwa ameisifu sana stendi ile kwa kuwa ilitosha ndani ya mfuko wa daftari.

Ndugu wasomaji, wepesi una mahali unapotolewa. Kiwanda kikitaka stendi iwe nyepesi na ijikunje iwe fupi, kitakata kila mguu vipande vingi, kimoja kiingie ndani ya kingine, na kila kinachoingia lazima kiwe chembamba kuliko kilichotangulia. Hapo ndipo hesabu inapowapiga chenga wengi. Ukichukua bomba mbili zenye ukuta wa unene uleule, moja ikiwa na kipenyo nusu ya nyingine, ugumu wake dhidi ya kupinda haupungui kwa nusu. Hupungua karibu mara nane. Kwa hiyo usiangalie mguu pale juu unapopendeza. Vuta vipande vyote, kamata kile cha mwisho kinachogusa ardhi, ukipinde kidogo kwa vidole. Kikikubali, stendi hiyo ni ya simu. Kamera isipande juu yake.

Kwa mtu wetu anayesafiri kwa basi, akamalizia kwa pikipiki, kisha akapanda kilima kwa miguu, mimi napendekeza stendi yenye vipande vinne kila mguu, uzito wa kilo moja na nusu hivi pamoja na kichwa chake, inayojikunja kufikia sentimita 45 au pungufu kidogo. Hiyo hufungwa ubavuni mwa begi la mgongoni bila kumchoma abiria mwenzako. Yenye vipande vitatu husimama vizuri zaidi, lakini ikikunjwa hubaki ndefu na dereva wa pikipiki ataanza mazungumzo mapya ya nauli. Ile nzito ya studio, ya kilo tatu, iache studio.

Urefu nao usikutishe. Kamera pamoja na kichwa cha stendi huongeza sentimita 15 hadi 20 juu ya miguu, kwa hiyo miguu ikifika kifuani mwako bila kuinua nguzo ya katikati, umekwisha kupata unachohitaji. Nguzo ile ni ya dharura. Ukiipandisha, umeacha kuwa na miguu mitatu. Umesimamisha kamera juu ya mti mmoja. Watu wa nyuma wakifichika, wapandishe juu ya benchi au uwapange kwenye mteremko, na benchi haikosekani kwenye harusi.

Na uzito unaokosekana njiani unaweza kuupata ukifika. Stendi nzuri za safari zina ndoano chini ya nguzo ya katikati. Tundika hapo begi lako, au mfuko wenye mawe mawili matatu, au galoni ya maji iliyojaa nusu. Mfuko huo uguse ardhi kidogo, kwa maana ukining'inia huru upepo utaubembeza na kamera itabembea nao. Mguu mmoja uelekee upande ambao lenzi inatazama, hasa kama lenzi ni nzito. Mahali pa mteremko, na Burundi ni nchi ya miteremko, fupisha mguu wa upande wa juu mpaka nguzo isimame wima. Mambo haya hayana gharama yoyote.

Kuhusu maandishi ya kwenye boksi, nina shaka nayo. Utasoma kwamba stendi inabeba kilo 5, nyingine kilo 8. Kila kiwanda hujipimia kivyake, na kubeba bila kuvunjika si sawa na kubeba bila kutikisika. Kamera ya kawaida na lenzi yake ya kuanzia hukaribia kilo moja. Ukiweka lenzi kubwa ya kuvuta mbali, ile ya milimita 70 hadi 200 yenye mdomo mpana, mzigo wote unapita kilo mbili. Chukua stendi ambayo boksi lake linaahidi mara tatu ya mzigo wako, halafu bado uipime mwenyewe. Namna ya kupima ni hii: fungua miguu yote, weka kamera juu, kuza picha kwenye kioo cha nyuma mpaka mwisho, kisha ugonge mguu mmoja kwa kidole. Picha ikitulia upesi, endelea na mazungumzo ya bei. Ikiendelea kucheza kama jani, rudisha kamera begini.

Alumini au kaboni? Kaboni ni nyepesi zaidi na humeza mtikisiko vizuri, lakini bei yake ni kubwa sana, na ikipigwa vibaya hupata ufa badala ya kupinda. Anayeanza atosheke na alumini. Tofauti ya bei anunulie betri ya pili. Vifungo vya miguu ni suala la mtu na mazingira yake. Vile vya kuzungusha havinasi nguo, ila mchanga wa ufukweni Tanganyika ukiingia ndani hukwaruza, lazima vifunguliwe na kusafishwa. Vya klipu unaona kwa macho kama vimefunga, na vingi hukazwa upya kwa kifunguo kidogo vikilegea. Kichwa cha gololi ni chepesi na chepesi kutumia kwa picha za kawaida. Anayerekodi video za harusi atafute kichwa chenye mkono wa kugeuzia, la sivyo picha itaruka kila anapomfuata bibi harusi.

Niseme pia asiyehitaji. Anayepiga picha za vitambulisho mchana, mbele ya pazia jeupe, mwanga ukiwa wa kutosha, anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila stendi. Tena stendi haimzuii mtoto kutikisika; inaizuia kamera tu. Faida yake iko kanisani penye giza, kwenye picha ya ukoo mzima jioni, na kwenye video ya saa nzima ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuibeba.

Sasa kwa wafanyabiashara wenzetu wa mpakani. Najua mnaleta kinachouzika, na kinachouzika ni cha bei ya chini. Lakini mnunuzi wa stendi mbovu hamrudii aliyemuuzia, na mji wa mpakani si mkubwa. Leteni hata tatu zilizo imara katika kila kumi, mziweke mezani zikiwa zimefunguliwa, mteja azikandamize kwa kiganja. Mtashangaa nani atakayelipa.

Na mpakani msidanganyane. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Stendi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kuwa imenunuliwa Kariakoo, na anayekuahidi kuivusha kwa cheti hicho anakuuzia kitu kingine. Ingizeni ushuru kwenye hesabu kabla ya kununua. Risiti ikae mfukoni mwako mwenyewe, si ndani ya mzigo uliofungwa juu ya basi.