Pengo Si Alama

Mwishoni mwa Desemba 1952, Dakota ya jeshi la Afrika Kusini ilitua Komoro kumchukua samaki mmoja. Ndani yake alikuwamo J.L.B. Smith, yule yule aliyempa silikanti wa kwanza jina la Latimeria chalumnae mwaka 1939, na ambaye tangu hapo alikuwa akimsaka wa pili. Sasa amepatikana. Kavuliwa kisiwa cha Anjouan, na nahodha Eric Hunt kamtia chumvi na formalini asioze. Lakini samaki huyu hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni, na kile kishungi cha mwisho wa mkia hakikuwapo. Smith akaona tofauti hizo zinatosha. Akatangaza jenasi mpya na spishi mpya kwa mpigo, Malania anjouanae, kwa heshima ya Waziri Mkuu D.F. Malan aliyeitoa ndege. Walipovuliwa silikanti wengine wa Komoro wakiwa na mapezi yao yote, ikabainika kuwa yule wa Anjouan alikuwa Latimeria aliyejeruhiwa tu. Jina likawekwa kando. Na kwa kuwa Malan ndiye aliyeusimika ubaguzi wa rangi kuwa sera ya serikali, hatudhani yupo Mkomoro aliyelililia.

Smith hakuwa mzembe. Alikuwa bingwa wa samaki wa bahari yetu hii. Kosa lake ni la aina moja tu, na ndilo linalotufanya tuandike: alihesabu kitu kilichokosekana kama sifa ya mnyama. Wanaosema tatizo la kutaja spishi kwa mabaki machache ni uchache wenyewe wanakosea njia. Kipande kimoja kinaweza kubeba jina kwa haki, na mnyama mzima anaweza kupewa jina la bure, kama ilivyomkuta huyo wa Anjouan.

Sisi wa Tanga tuna mfano wa upande wa pili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, jarife zinazoshushwa kwenye kina kirefu huku kwetu zimekuwa zikinasa silikanti, Kigombe ikiwamo, mpaka mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 Masato Nikaido na wenzake walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya silikanti zaidi ya 20, wakaonyesha kwamba kundi la pwani ya kaskazini ya Tanzania lilitengana na wenzao wa kusini na wa Komoro zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Miili wanayo, vinasaba wanavyo, tofauti wameiona. Spishi mpya hawakutangaza. Walieleza tofauti ilivyo, wakaishia hapo.

Kwenye visukuku vya konokono wa baharini na jamaa zao ustahimilivu wa namna hiyo ni adimu, na kwa kitoni, mmoja wa jamaa hao, ni adimu zaidi. Ukishuka Raskazone hapa Tanga maji yakiwa yamekupwa, utawaona wamebana kwenye mwamba, bapa, wa mviringo mrefu, pembezoni wamezungukwa na mkanda wa nyama uliojaa miiba mifupi. Mmojawapo anayejulikana katika Bahari ya Hindi ni Acanthopleura gemmata, aliyepewa jina na Blainville mwaka 1825. Mgongoni ana magamba manane yaliyolaliana kama makuti ya paa. La kichwani ni nusu duara. Sita ya katikati yanafanana kiasi cha kumchosha mtu macho. La mkiani lina umbo lake. Akifa, mkanda unaoza na magamba yanatawanyika, kila moja kwenda na wimbi lake. Juu ya hayo, gamba limejengwa kwa aragoniti, madini yanayoyeyuka upesi kuliko kalisiti ya chaza, kwa hiyo katika mawe ya matumbawe yaliyoinuka kando ya pwani yetu maji ya mvua huwa yamekwisha kuyala mengi kabla mtafiti hajafika na nyundo.

Kinachosalia mara nyingi ni gamba moja. Je, linatosha? Inategemea ni lipi, na limesalia kwa kiasi gani. Gamba lina tabaka la juu lenye nakshi, vijishimo vya hisia, na kwa jenasi ya Acanthopleura hata vijicho vidogo vyenye lenzi ya aragoniti. Lina pia tabaka la chini linalotokeza kingo za kujichomeka kwenye mkanda, na kingo hizo zina mipasuko na meno. Idadi ya mipasuko, michirizi ya meno, mahali kilele cha gamba la mkiani kilipo: hizo ni alama. Gamba la mkiani lililo zima lina mengi ya kusema. La katikati lina machache. Lakini tazama mgongo wa kitoni mkubwa aliye hai pale mwambani. Nakshi ya juu imesagika tangu yu hai, kwa mawimbi na mchanga, na kwa viumbe vinavyomtoboa. Gamba la namna hiyo likigeuka kisukuku, mtu asiyewajua walio hai ataandika kwenye maelezo yake "uso laini, bila nakshi", kisha ataufanya ulaini huo kuwa sifa ya spishi. Ni lile pezi la Anjouan limekuja kwa sura nyingine.

Mtego mwingine ni wa hesabu. Mtafiti mmoja akilitaja gamba la kichwani, na mwingine akalitaja la mkiani lililookotwa hatua chache pembeni, mnyama mmoja amepata majina mawili. Matthevia, aliyetajwa na Charles Walcott mwaka 1885 kutoka miamba ya Kambria ya Marekani, alipata makubwa zaidi. Magamba yake manene yalionekana kuwa ya maumbo mawili, na mwaka 1966 Ellis Yochelson akamchora kama mnyama wa magamba mawili, akamfungulia ngeli yake mwenyewe, sawa na ngeli ya konokono au ya pweza. Mwaka 1979 Bruce Runnegar, John Pojeta na wenzao wakayapanga upya magamba yale yale kwa mstari, wakapata kitoni wa kale. Hakuna aliyekuwa amedanganya kuhusu gamba lolote. Kilichokuwa cha kubuni ni nafasi iliyo kati ya gamba na gamba. Mwaka 2004 likaja la kinyume. Michael Vendrasco na wenzake walieleza kisukuku cha Indiana ambacho magamba yake yalikuwa bado mahali pake, Polysacos vickersianum, na yalikuwa 17. Aliyekuwa akichukulia kwamba kila jamaa wa kitoni ni wa manane, kipindi chote, ilimbidi ahesabu upya.

Hapa Tanga tunalo jina letu la kujifunzia, na cha ajabu ni kwamba wengi hawalijui. Mwaka 1924 Sidney Haughton alieleza mtambaazi wa kipindi cha Permi kutoka Mizimuvuni, karibu na mji, akamwita Tangasaurus mennelli, kwa jina la mji na la F.P. Mennell. Alikuwa na vielelezo viwili tu. Havikuwa vibaya, lakini jina likaanza kunyooshwa: mifupa ya Madagaska iliyofanana kidogo ikaingizwa humo. Ilimlazimu Philip Currie, mwaka 1982, kurudi kwenye vielelezo vyenyewe, kuvisoma mfupa kwa mfupa, na kulirudisha jina pale lilipoanzia. Na upande wa pili wa mpaka, mwaka 1977, John Harris na Robert Carroll walimtaja Kenyasaurus mariakaniensis kwa mifupa ya Mariakani isiyo na fuvu. Fuvu, ambalo kwa watambaazi ndilo kila mtu hulitamani! Hawakulijaza kwa kukisia. Walijenga maelezo yao juu ya kiwiliwili walichokuwa nacho mkononi.

Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama haisemi mabaki yawe mangapi. Inachodai, kwa spishi zilizotajwa tangu mwaka 2000, ni kwamba mtunzi aonyeshe waziwazi kielelezo kinachobeba jina, na aseme kitahifadhiwa wapi. Kwa jarida letu hilo halitoshi. Anayeleta gamba la kitoni kwenye meza yetu hapa Mabawa atuambie ni la nafasi gani mgongoni na kwa nini anaamini hivyo, alichore pande zote mbili, kisha kwa kila sifa aandike kama ameiona, imesagika, au haipo kwa sababu gamba limevunjika. Neno "haina" tutalirudisha kwa mwandishi kila mara mpaka atueleze ni lipi kati ya hayo matatu. Alilinganishe na walio hai wa pwani hii, wazee waliosagika wakiwamo, si wale wa picha nzuri za vitabuni. Sifa inayotenganisha isipoonekana, tutalichapisha kwa jina la jenasi na nafasi ya spishi ibaki wazi, na kurasa zake hazitapungua hata moja kwa sababu hiyo.

Liko pia suala la hifadhi, ambalo hatutalilegeza. Vielelezo vya Tangasaurus viko Cape Town, kwenye jumba la makumbusho alikofanyia kazi Haughton. Mwanafunzi wa Tanga anayetaka kuthibitisha neno moja la mwaka 1924 anahitaji pasipoti na nauli. Kielelezo cha Kenyasaurus kina namba ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Makala yoyote itakayotaja spishi kutoka mwambao huu, tunataka kielelezo chake kiwe kimeshapokelewa na makumbusho ya umma ndani ya Tanzania, na namba yake iwe kwenye rasimu ya kwanza tunayoletewa. Namba ya droo ya mtafiti haikubaliki.